Amplifaya Kuukuu ya Gari na Deni la Volti 12

Wanaofufua amplifaya za magari za miaka ya 1980 na 1990 hugawanyika mapema, hata kabla chuma cha kulehemia hakijapata moto. Wengi huanzia upande wa sauti: hung'oa kapasita ndogo zinazopitisha muziki, huweka za bei mbaya, kisha husubiri muujiza masikioni. Wachache huanzia upande wa pili wa bodi, penye transfoma ya duara iliyozungushiwa nyaya nene za shaba, mahali umeme wa betri unapoingilia. Kwa maoni yangu hao wachache ndio walioisoma historia sawasawa. Tangu mwanzo, mafundi wa sauti za magari wamekuwa wakipambana na tatizo moja, nalo ni kwamba betri ya gari ina volti chache mno kwa kazi wanayoitaka. Sehemu ya amplifaya iliyobeba mapambano hayo ndiyo iliyoifanya iwe ilivyo, na ndiyo hiyo hiyo inayochakaa kwanza.

Mwaka 1930 kampuni ya Galvin Manufacturing ya Chicago, chini ya Paul Galvin, iliingiza sokoni redio ya gari iliyoitwa Motorola, jina ambalo baadaye kampuni yenyewe ililichukua. Redio za wakati huo zilitumia valvu, na valvu zilitaka volti mia na zaidi, ilhali magari mengi ya Marekani yalikuwa na betri ya volti 6. Mwanzoni wenye magari walibeba betri kavu za ziada, zilizokwisha na kununuliwa upya kila mara. Ndipo ikaja vibreta. Hicho ni kikopo chenye ulimi wa chuma uliotetemeka zaidi ya mara 100 kwa sekunde, ukikata na kuunga umeme wa betri, kwa kuwa transfoma haiwezi kupandisha mkondo mnyoofu usiobadilika. Umeme uliokatwakatwa hivyo ulipanda hadi volti mia mbili na kitu, ukanyooshwa tena, valvu zikashiba. Lakini kila mguso wa ulimi ulitoa cheche, na cheche zilikula chuma. Watengenezaji walilijua hilo, hivyo wakaiwekea vibreta pini chini, mithili ya valvu, ili ichomolewe na kuchomekwa nyingine bila kulehemu chochote.

Mwaka 1955 Chrysler na Philco walitangaza redio ya gari iliyotumia transista tupu, kwa bei ya ziada ya dola 150, fedha nyingi kwa wakati ule. Transista haikuhitaji volti mia mbili, na magari nayo yalikuwa yakihamia volti 12, kwa hiyo vibreta ikakosa kazi. Ilionekana kama deni la volti limelipwa. Hesabu zinasema halikulipwa. Injini ikiunguruma, betri husimama kwenye volti 14.4 hivi. Saketi ya kawaida ikiusukuma umeme huo kwenye spika ya omu 4, haiwezi kutoa zaidi ya wati 6.5, na hapo tumesamehe upotevu wote. Ukizifunga saketi mbili zisukumane kwa zamu utapata wati 26 kwenye karatasi, na pungufu ya hizo kwenye spika. Kwa spika moja ya dashibodi kiasi hicho kilitosha. Kaseti, stereo na mapenzi ya besi nzito vilipoingia, hakikutosha tena: wati 100 kwenye omu 4 zinataka kilele cha volti 28, na hakuna ujanja wa upande wa sauti unaoweza kuzizalisha kutoka kwenye 14.

Jibu lilirudi kulekule kwa vibreta. Watu kama Jim Fosgate wa Arizona, aliyeanza kutengeneza amplifaya za magari katika miaka ya 1970, na kampuni nyingi zilizofuata, walijenga ndani ya kasha la alumini mtambo mdogo wa kuzidisha volti, yaani ugavi wa umeme. Transista zilishika nafasi ya ulimi wa chuma, zikikata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde chini ya amri ya chipu. Iliyoenea sana ni TL494 ya Texas Instruments. Kasi hiyo ya kukata iliruhusu transfoma ndogo ya duara kufanya kazi ambayo ingehitaji donge zito la chuma.

Ushahidi mzito zaidi wa hoja yangu unatoka kwenye mashindano ya sauti za magari ya Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Washindani walipangwa kwa wati zilizoandikwa na mtengenezaji, nao watengenezaji wakaona mwanya. Kampuni ya Orion iliuza amplifaya ya 225 HCCA, iliyoandikwa wati 25 tu kwa kila upande. Ukiifungia spika nyingi ili omu zishuke, ilimwaga nguvu nyingi mno kuliko hizo, huku mwenyewe akishindana na wanyonge. Siri ilikuwa kwenye ugavi wake wa umeme, uliojengwa kwa ukubwa usiolingana kabisa na namba ya kwenye kasha. Anayesema amplifaya za zamani zilikuwa na wati za kweli asisahau kwamba nyingine zilidanganya kwa kujishusha. Kipimo cha pamoja, CEA-2006, kilikuja mwaka 2003: volti 14.4, omu 4, upotoshaji usiozidi asilimia 1.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba nguvu si kila kitu, na kwamba amplifaya kuukuu ina utamu wake wa sauti. Pingamizi hili lilipimwa hadharani. Richard Clark, mtu mashuhuri katika fani hiyohiyo ya sauti za magari, aliweka dola 10,000 kwa yeyote atakayetofautisha amplifaya mbili kwa masikio peke yake, zikiwa zimelinganishwa sauti na besi, na hazijasukumwa kupita uwezo wake. Wengi walijaribu na fedha haikuchukuliwa. Wakosoaji walisema masharti yake yalifuta tofauti zenyewe. Sawa, lakini tofauti inayofutika kwa kusawazisha sauti na besi haiwezi kuwa imejificha kwenye kapasita ya bei mbaya. Kinachosikika kweli ni ubovu: mvumo, besi iliyolegea, upande mmoja unaokatikakatika. Mara nyingi chanzo ni kapasita kubwa za ugavi, ambazo majimaji yake yamekauka kwa joto la miaka mingi.

Pingamizi la pili ni la watunza asili: ukibadilisha kapasita, kifaa si kilekile. Hapa vibreta inatoa ushahidi wake. Waliobuni mitambo hii walijua tangu miaka ya 1930 kwamba kiungo kinachobeba mzigo wa betri kitakufa kabla ya vingine, wakakifanya cha kubadilishwa. Mafundi redio wetu, waliozoea kuzifungia redio za magari betri ya volti 12 ili zipige nyumbani pasipo na umeme wa gridi, hawahitaji kuhubiriwa hilo.

Lililo gumu zaidi ni swali la kwa nini kujisumbua. Amplifaya za leo za daraja D hupoteza umeme kidogo kwa joto, ni ndogo na bei zimeshuka. Mwenye haja ya kelele tu anunue mpya, na simlaumu. Ndani ya hizo mpya, ile hila ya kukata na kuunga imehamia hadi upande wa sauti. Lakini nyingi zimejazwa vipande vidogo vilivyobanana, vigumu kufuatwa kwa mkono, ilhali ile ya mwaka 1988 inamruhusu mtu mwenye mita na subira kufuata umeme kutoka nyaya za betri hadi spika. Basi ukiipata, anza na ugavi wa umeme. Andika thamani ya kila kipande unachotoa na ukihifadhi, linganisha pande zote mbili, badilisha transista zilizoungua pamoja na vipande vinavyoziamrisha. Iwashe kwanza kwa umeme uliowekewa kikomo cha ampea chache, kwa kuwa betri ya gari inaweza kumwaga mamia ya ampea kwenye transista yenye shoti.