Kichuguu, Shaba na Mbabula: Kazi za Mikono za Nyumbani katika Nchi ya Likasi

Mtu wa mbali akisikia jina la Likasi hufikiri mara moja juu ya viwanda: mitambo ya Shituru, reli, moshi na malori yenye mawe ya shaba. Hakosei. Lakini historia ya kazi katika nchi hii haikuanza na kampuni, wala haikukoma kampuni ilipodhoofika. Ilianza karibu na nyumba za watu, kwa udongo wa kichuguu, makaa ya mti mgumu na ngozi ya mnyama wa porini. Na hata leo, mama anapowasha mbabula asubuhi ili apike uji wa watoto, hutumia maarifa yaliyo ya jamii moja na yale ya wazee waliofua shaba zamani. Yafaa tuyajue mambo haya, maana asiyejua alichorithi hukitupa bila kujali.

Mafundi wa kwanza

Kabla ya Wazungu kufika, Wasanga na baadaye Wayeke walijua sana kuyeyusha shaba. Kazi hii katika Katanga ina umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka 1957 wataalamu walianza kuchimba makaburi ya kale huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, kaskazini ya nchi yetu. Humo walikuta wafu waliozikwa pamoja na vyungu, mapambo na misalaba midogo ya shaba. Misalaba hiyo haikuwa alama ya dini yetu. Ilikuwa mali, na baadaye ilitumika kama fedha ya kununulia na kulipia mahari.

Mwaka 1926 Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyeongoza misioni ya Katanga, alichapisha habari ndefu juu ya mafundi hao. Aliwaita wala shaba. Msomaji wa Kiswahili ataelewa bila shida: kula hapa ni kupata faida, kama tunavyosema mtu amekula mali.

Kazi yenyewe ilifanywaje? Mvua zilipokwisha na mavuno kuwekwa ghalani, watu wa kijiji walihamia karibu na mgodi, wakajenga vibanda. Wanaume walichimba mawe ya kijani. Wanawake na watoto waliyachagua na kuyaosha mtoni. Wengine walikata miti migumu na kuchoma makaa, ambayo sisi wa Katanga tunaita makala. Kisha fundi mkuu alijenga tanuru kwa mabonge ya udongo wa kichuguu. Chini aliacha matundu, akatia mirija ya udongo, na nyuma ya mirija akaweka mivukuto ya ngozi ya paa. Vijana walivukuta kwa zamu mpaka shaba ikayeyuka na kukusanyika chini. Tanuru lilivunjwa, shaba ikatolewa, ikayeyushwa mara ya pili ili isafike, ikamiminwa katika kalibu. Hapo ilitoka misalaba, na kutokana na shaba hiyo mafundi walifua bangili, nyaya nyembamba, hata risasi za bunduki.

Tuangalie jambo moja. Kazi hii haikuwa ya mtu mmoja mwenye mshahara. Ilikuwa kazi ya jamaa nzima. Mtoto aliyeokota mawe mwaka huu alivukuta mwaka uliofuata, na mwishowe alijua kujenga tanuru. Shule ilikuwa hiyo hiyo kazi.

Kampuni yaja

Mfalme Msiri wa Bunkeya, ambaye jamaa zake walitoka Unyamwezi, aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Mwaka 1892 Jules Cornet, Mbelgiji mjuzi wa mawe, alipita katika nchi yetu na kuandika mahali penye shaba. Mara nyingi alichokiona kilikuwa mashimo ya wazee wetu. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Tanuru lake la Lubumbashi liliwaka mwaka 1911, na kiwanda cha Shituru kilianza kazi mwaka 1929. Mji ulipewa jina la Jadotville mwaka 1931, ukarudishiwa jina la Likasi mwaka 1966.

Matanuru ya kichuguu yalizimika. Shaba iliyokuwa ikifuliwa na jamaa, sasa ilipakiwa garini kwa maelfu ya tani. Ajabu ni kwamba Katanga ilipojitenga mwaka 1960, misalaba mitatu ya shaba iliwekwa katika bendera yake, na mwaka 1961 msalaba ule ulichorwa juu ya sarafu zake. Alama ilitukuzwa wakati ufundi wenyewe ulikuwa umebaki katika vichwa vya wazee wachache tu.

Tusiseme kwamba kampuni ilileta mabaya matupu. Tangu mwaka 1928 hivi, Union Minière ilianza kuwaweka wafanyakazi kwa miaka mingi pamoja na wake na watoto wao. Kambi zilipata nyumba, hospitali na shule, nyingi zikiwa mikononi mwa wamisionari. Mapadre Wasalesiani, waliofika Elisabethville mwaka 1911, walifundisha vijana useremala na ufundi wa vyuma. Katika nyumba za mafunzo ya akina mama, wake wa wafanyakazi walijifunza kushona, kufuma na kutunza nyumba. Wengi wetu ni wajukuu wa watu waliolelewa hivyo.

Lakini kila kitu kilitoka mkono mmoja. Nyumba ya kampuni, unga wa kampuni, dawa ya kampuni. Taa ikiharibika, fundi wa kampuni huja. Katika hali hiyo mtu aweza kuwa stadi sana mbele ya mashine, na nyumbani kwake asijue kupigilia msumari.

Ufundi uliobaki nje ya uzio

Hata hivyo kazi za mikono hazikufa. Zilihamia mahali pengine, kama vile mitaa ya Kikula, kwa watu waliojitafutia riziki wenyewe. Mali yao ilikuwa vitu vilivyotupwa: pipa la mafuta, debe, ndoo iliyotoboka, waya, gurudumu. Kwa nyundo, patasi na kipande cha reli kama fuawe, fundi bati alitoa taa ya mafuta, beseni, karai, sanduku la safari, na zaidi ya vyote mbabula.

Msomaji, iangalie mbabula iliyo jikoni kwako. Chini kuna mlango wa kuingizia hewa. Katikati kuna bati lenye matundu. Juu yake makala, na juu ya makala chungu. Hewa huingia chini, hupita kati ya makala na kuyachochea. Tanuru la wazee lilifanya vivyo hivyo, ila lao lilihitaji mvukuto kwa sababu shaba yataka moto mkali kupita ugali. Sisemi kwamba mbabula ni mtoto wa tanuru lile. Nasema kwamba anayeielewa moja ameshaelewa nusu ya nyingine, na kwamba mkono wa mtu wa nchi hii haukusahau moto.

Siku baba alipoondoka

Tarehe 1 Januari 1967 migodi ilitwaliwa na serikali, na kampuni mpya ikaja kuitwa Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, ukabomoka. Zikafuata ghasia za siasa, na watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi mwaka 1992 na 1993. Mwaka 1993 shaba iliyotoka haikufika tani 50,000. Mishahara ilichelewa kwa miezi mingi, na mwaka 2003 ulianza mpango ambao kwa huo wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliachishwa kazi.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa kitabu mwaka 2001 juu ya jamaa hizi. Jina lake linasema juu ya wana wa shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ndiye kampuni.

Je, nyumba zilisimama kwa nini? Kwa bustani za mchicha na lengalenga, kwa matofali, kwa mikate ya kuuza barabarani, kwa cherehani ya mama, kwa nyundo ya fundi bati. Mara nyingi wake na watoto ndio waliotangulia kuleta chakula, na mume aliyezoea king'ora cha kiwanda alilazimika kujifunza kwao. Hii ndiyo sababu tunaandika habari hizi. Kazi ya mshahara ni neema, nasi tunaiombea vijana wetu. Lakini mshahara hutoka kwa mwingine, naye aweza kuukata. Ufundi ukiisha kuingia mkononi, hakuna wa kuuondoa.

Mambo matatu ya kufanya

La kwanza, vaa mbabula yako udongo ndani. Chukua udongo wa kichuguu, uuponde, uuchunge. Changanya na majani makavu yaliyokatwa vipande vidogo, tia maji kidogo, uukande kama unga wa mkate. Paka ndani ya mbabula unene wa vidole viwili au vitatu, ukiacha wazi mlango wa hewa. Uache ukauke kivulini siku nyingi, usiharakishe kwa jua, maana utapasuka. Kisha washa moto mdogo kwanza. Udongo hushika joto, na makala hayaishi upesi. Nchini Kenya, tangu miaka ya 1980, majiko ya bati yenye udongo ndani yameenea sana kwa sababu hiyo hiyo. Kwetu, ambako misitu inarudi nyuma kila mwaka kwa ajili ya makala, si jambo dogo.

La pili, tengeneza chombo cha kumwagilia bustani. Debe safi la mafuta ya kula latosha. Toboa matundu madogo upande mmoja wa chini kwa msumari mwembamba, funga mpini wa waya juu, na maji yatatoka kama mvua ndogo isiyoumiza miche.

La tatu, rutubisha tuta kwa udongo wa kichuguu. Vichuguu vya Katanga ni vikubwa mno, vingine vyapita nyumba kwa urefu, na udongo wake mara nyingi una rutuba kuliko ardhi nyekundu iliyo kando. Uponde, uchanganye na samadi na majani yaliyooza, utandaze kabla ya kupanda.

Tena kuna maonyo mawili, nayo yashikwe sana. Usitumie pipa lililobeba asidi au dawa za kiwandani kwa maji, chakula au bustani, hata ukiliosha mara kumi. Wala usichukue udongo karibu na mitambo au masalio ya mawe ya kiwanda. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Ubelgiji walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga, hasa watoto, wana kobalti nyingi mwilini. Onyo la pili: katika baridi ya mwezi wa Juni na Julai usilale na mbabula yenye moto ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Urithi wa kuwapa watoto

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo mapadre Wabenedikto wa Katanga waliifuata, yaweka kazi ya mikono kila siku pamoja na sala. Wazee wa Wasanga na Wayeke hawakuisoma Kanuni hiyo, lakini walijua kwamba mtoto hufunzwa kwa kushika.

Basi wazazi, Jumamosi moja mwiteni mtoto wa kiume na wa kike pia. Mpeni msumari na debe. Mwacheni atoboe vibaya kwanza. Mwelezeni kwamba babu zake walijenga tanuru kwa udongo ule ule alio nao mikononi, na kwamba shaba ilitoka. Akimaliza, mpelekeni bustanini akamwagilie alichopanda.