Korona Uvira: Mwitikio wa Serikali ya Kongo kwa Janga la COVID-19

Mwitikio wa serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa COVID-19 ni jumla ya amri, huduma na kampeni za afya zilizoendeshwa kuanzia Machi 2020, mgonjwa wa kwanza alipothibitishwa Kinshasa, hadi Mei 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotangaza kwamba ugonjwa huo si dharura ya kimataifa tena. Makala hii inautazama mwitikio huo kutoka Uvira, mji wa kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, na hasa kutoka mitaa yake, yaani kartie kama Kasenga na Kavimvira. Huko amri za mji mkuu zilikuta mpaka wa Burundi, mabomba makavu na mafuriko. Historia ya mji huo inafundisha kwamba amri hutangazwa kwa siku moja, lakini uwezo wa kuitii hujengwa kwa miaka mingi.

Mji na mfumo wa afya

Uvira umebanwa kati ya milima na ziwa, katika mkoa wa Kivu Kusini. Barabara ya taifa namba 5 inauunganisha na Bukavu, makao makuu ya mkoa, yaliyo zaidi ya kilomita 100 kaskazini. Upande wa mashariki, kituo cha mpakani cha Kavimvira kinatazamana na Gatumba ya Burundi, na Bujumbura iko karibu kuliko Bukavu. Bandari ya Kalundu huupa mji njia ya maji kuelekea Kalemie, na ng'ambo hadi Kigoma nchini Tanzania.

Huduma za afya hupangwa kwa ngazi. Wizara iko Kinshasa, idara ya afya ya mkoa wakati wa janga ilikuwa Bukavu, kisha zipo zoni za afya, kila moja ikiwa na mganga mkuu wake, hospitali ya rufaa na vituo vya afya. Ngazi ya chini kabisa ni ya wahamasishaji wa jamii, wanaojulikana kama reko. Hao ndio hupita nyumba kwa nyumba katika kartie kama Kasenga kueleza dalili, kuhimiza chanjo na kutoa taarifa za wagonjwa.

Mfumo huu uliipokea Korona ukiwa tayari umeelemewa. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini na Ituri ulikuwa haujaisha. Ulikuwa umefika hata Mwenga, Kivu Kusini, mwaka 2019, na hadi ulipotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Surua nayo iliua zaidi ya watu 7,000 nchini, wengi wao watoto, katika mlipuko wa 2019 na 2020. Uvira kwenyewe, kipindupindu kimekuwa kikirudi mara kwa mara kwa miongo kadhaa.

Majanga yaliyotangulia

Mafua makali ya mwaka 1918 yaliingia Kongo ya Wabelgiji kwa njia za wasafiri na mizigo: magharibi kupitia bandari ya Matadi, kusini kwa reli iliyofika Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Mwaka 2009 virusi vipya vya mafua aina ya A(H1N1) vilienea duniani, na tarehe 11 Juni mwaka huo WHO ikatangaza janga. Wakati huo Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zilikuwa zimeanza kutumika. Kanuni hizo zinaitaka kila nchi iwe na uwezo wa kugundua ugonjwa mpya, kuuthibitisha katika maabara, kuutolea taarifa na kuukabili kwenye vituo vya mipakani. COVID-19 ndiyo iliyoupima uwezo huo kwa ukali kuliko janga lolote jingine tangu kanuni hizo zianze.

Hatua za kitaifa

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Siku nane baadaye Rais Félix Tshisekedi alisimamisha safari za ndege kutoka nchi zilizoathirika, akapiga marufuku mikusanyiko ya watu zaidi ya 20, na akafunga shule, vyuo vikuu, makanisa na baa. Tarehe 24 Machi alitangaza hali ya dharura, akaitenga Kinshasa na mikoa mingine, na akafunga mipaka kwa wasafiri huku mizigo ikiruhusiwa kupita. Mahakama ya Katiba iliikubali amri hiyo mwezi Aprili, na Bunge likairefusha mara kadhaa. Ilikoma tarehe 21 Julai 2020, kisha shughuli zikafunguliwa kwa awamu: biashara kwanza, shule zikafuata, na mwishowe makanisa, viwanja vya ndege na mipaka.

Uongozi wa kitaalamu alipewa Profesa Jean-Jacques Muyembe, mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba (INRB) na mmoja wa watafiti wa mwanzo wa virusi vya Ebola mwaka 1976. Uteuzi wake uliupa mwitikio heshima, kwa kuwa wananchi walimjua kama daktari aliyewahi kukaa na wagonjwa wa milipuko. Wimbi la pili lilipopanda, serikali ilirudisha masharti Desemba 2020, safari hii kwa marufuku ya kutoka nje usiku kuanzia saa tatu hadi saa kumi na moja alfajiri.

Kivu Kusini: kungoja majibu

Mkoa ulitangaza wagonjwa wake wa kwanza, Bukavu, mwishoni mwa Machi 2020. Ugumu ulioonekana mapema ulikuwa wa maabara. Sampuli zilisafirishwa mbali, na majibu yakachelewa. Kipimo kinachorudi baada ya wiki mbili hakiwezi tena kumzuia mgonjwa asiambukize jamaa zake, kwa sababu siku zake za kuambukiza zimekwisha kupita.

Udhaifu huo ulisemwa hadharani na mtu ambaye nchi nzima inamheshimu. Dk. Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi mjini Bukavu, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2018, alikuwa akiongoza tume ya afya ya mwitikio huo mkoani. Alijiuzulu tarehe 10 Juni 2020, akitaja uchache wa vipimo, kuchelewa kwa majibu na ulegevu katika mipaka ya mkoa. Akarudi kuhudumia wagonjwa Panzi. Kauli yake inastahili kukumbukwa kwa uzito, kwani ilionyesha kwamba kasoro haikuwa ukaidi wa wananchi peke yake, kama ilivyodaiwa mara nyingi. Ilikuwa pia katika vyombo ambavyo serikali ilipaswa kuwa imeviandaa.

Kunawa mikono bila maji

Agizo lililorudiwa kuliko yote lilikuwa kunawa mikono kwa maji na sabuni. Katika Uvira, agizo hilo liligonga ukuta. Maji ya bomba ya shirika la umma la Regideso hutoka hasa katika mto Mulongwe, na hata kabla ya janga yalikuwa yakikatika mara kwa mara. Familia nyingi zilijaza madumu ziwani au mitoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na watafiti wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine ulionyesha kwamba siku za kukatika kwa maji ya bomba Uvira hufuatwa na ongezeko la wagonjwa wanaolazwa kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu.

Kisha, katikati ya Aprili 2020, hali ya dharura ikiwa haijatimiza mwezi, mvua kubwa iliufanya mto Mulongwe ufurike. Watu kwa makumi walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka katika kartie kadhaa, Kasenga ikiwemo, na mitambo ya maji ya mji ikaharibika. Waliopoteza nyumba walisongamana kwa jamaa, makanisani na katika shule zilizokuwa zimefungwa kwa ajili ya ugonjwa. Kutokaribiana kukawa jambo lisilowezekana, na hatari iliyo karibu zaidi ikawa kipindupindu. Mwaka huohuo wakazi walipewa chanjo ya kipindupindu ya kumeza, katika raundi mbili.

Ukarabati mpana wa mfumo wa maji, uliofadhiliwa na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, Umoja wa Ulaya na wakfu wa Veolia, ulilenga kuongeza uzalishaji, mabomba na vituo vya kuchotea. Kazi ya namna hiyo haihesabiwi kuwa sehemu ya mwitikio wa COVID-19 katika taarifa rasmi. Kwa mkazi wa Kasenga, hata hivyo, ndiyo kinga iliyomgusa kwa karibu kuliko tangazo lolote la redio.

Ziwa moja, serikali tatu

Kufungwa kwa mpaka wa Kavimvira kuliwaumiza hasa wachuuzi wadogo, wengi wao wanawake, ambao chakula cha jioni nyumbani hutegemea mauzo ya siku hiyo upande wa pili. Wengine walitafuta njia za vichochoroni na za majini, na huko hapakuwa na mtu wa kuwapima joto. Kufunga mlango rasmi kukawa kumeondoa watu mbele ya macho ya wahudumu wa afya.

Ugumu uliongezwa na tofauti za sera. Burundi ilifanya uchaguzi mkuu tarehe 20 Mei 2020 baada ya kampeni zenye mikutano mikubwa, na mwezi huohuo ikawafukuza wawakilishi wa WHO. Baada ya kifo cha Rais Pierre Nkurunziza mwezi Juni, mrithi wake Évariste Ndayishimiye aliutaja ugonjwa huo kuwa adui mkubwa, na bei ya sabuni ikashushwa. Tanzania iliacha kutangaza takwimu kati ya Aprili na Mei 2020, ikabadili msimamo chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, na ikazindua chanjo Julai 2021. Wavuvi na wafanyabiashara wa Tanganyika waliishi chini ya maelekezo matatu yaliyopingana, na kila ubishi ukapata serikali ya kuutolea mfano.

Chanjo

Dozi zaidi ya milioni 1.7 za AstraZeneca, zilizotolewa kupitia mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, COVAX, zilifika Kinshasa tarehe 2 Machi 2021. Uzinduzi uliahirishwa kutokana na taarifa za kuganda kwa damu barani Ulaya, na chanjo ikaanza tarehe 19 Aprili. Muda wa matumizi ukiwa unakaribia kwisha, takriban dozi milioni 1.3 zilitolewa kwa nchi nyingine za Afrika. Hadi mwisho wa 2021 waliokamilisha chanjo hawakufika asilimia 1 ya wananchi. Uvumi ulichangia, lakini ucheleweshaji wa serikali yenyewe uliupa uvumi huo nguvu: wananchi walioambiwa wangoje walihitimisha kwamba kuna jambo la kuogopa.

Tathmini na urithi

Takwimu rasmi za nchi zinaonyesha wagonjwa zaidi ya 95,000 waliothibitishwa na vifo zaidi ya 1,400. Ujana wa idadi ya watu ulipunguza vifo, na uchache wa vipimo ulificha sehemu ya maambukizi. Mafanikio yapo: uamuzi wa mapema wa Machi 2020, wataalamu waliokomazwa na Ebola, na maabara zilizosogezwa karibu na mashariki. Mapungufu nayo yako wazi, kwani masharti yalitangulia misaada, na mikoa ya mpakani ilipokea amri zilizotungwa kwa ajili ya Kinshasa.

Mtihani uliofuata haukukawia. Aina mpya ya virusi vya mpox iligunduliwa Kamituga, Kivu Kusini, ikaenea hadi Uvira na kuvuka kuingia Burundi, na tarehe 14 Agosti 2024 WHO ikatangaza dharura ya kimataifa. Februari 2025 Bukavu ilipotekwa na waasi wa M23, serikali ya mkoa ilihamia Uvira, na mji huo ukabeba mzigo wa utawala juu ya mzigo wa maradhi. Maandalizi ya janga lijalo, liwe la mafua au la ugonjwa mwingine, yanahitaji vitu vinavyojulikana: maji yasiyokatika Kasenga, maabara inayotoa majibu kwa siku chache, malipo ya haki kwa wahudumu na reko, na mpango mmoja wa afya unaokubaliwa na nchi zote zinazolizunguka ziwa.