Kibaba cha Mfuto na Kibaba cha Tele

Katika vipimo vya kale vya pwani ya Afrika ya Mashariki, vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Idadi hii ilijulikana na watu wote, nayo haikugeuka. Walakini mnunuzi alipofika sokoni ilimpasa kuuliza tena: ni kibaba gani? Kwa kuwa palikuwa na kibaba cha tele, kilichojazwa hata nafaka ikasimama juu ya ukingo kama kichuguu, na kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu hata nafaka ikawa sawasawa na ukingo. Chombo ni kile kile na jina ni lile lile, lakini mtama uliomo si kiasi kimoja. Aliyekopeshwa kwa mfuto kisha akadaiwa kwa tele alilipa faida asiyoihesabu, wala hakuwa na neno la kushitaki, maana alipokea kibaba akarudisha kibaba.

Mambo ya urefu yalikuwa vivyo hivyo. Shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari, mikono minne ni pima. Lakini mkono wenyewe ulikuwa wa namna mbili: mkono kamili, tangu kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, na mkono konde, tangu kiwiko mpaka vifundo vya ngumi iliyofumbwa. Tena watu hawalingani kwa viungo. Katika karne ya 19 doti ya nguo ilihesabiwa mikono minane. Basi mkono wa mpimaji ukiwa mfupi kwa vidole viwili tu, mwenye kupokea alipungukiwa vidole 16, yaani zaidi ya shibiri nzima.

Tusiwadharau wazee kwa hayo. Kipimo cha mwili hakipotei wala hakisahauliwi nyumbani, nacho chamfaa sana mtu ajengaye nyumba yake mwenyewe: akipima nguzo na boriti kwa mkono ule ule, zitalingana. Shida huanza wanapokutana watu wawili, mmoja atoaye na mmoja apokeaye. Hapo kipimo hakina budi kutoka katika mwili wa mmoja na kuwekwa mahali ambapo hakuna awezaye kukirefusha au kukifupisha kwa faida yake. Hiyo ndiyo maana ya kipimo thabiti.

Haja hii si ya pwani peke yake. Waingereza, katika mkataba wa Magna Carta wa mwaka 1215, walidai kipimo kimoja cha nafaka kwa nchi nzima. Wafaransa waliweka mita kwa sheria mwaka 1795, wakiikadiria kwa ukubwa wa dunia, ili isitegemee mwili wa mfalme wala desturi ya mji mmoja. Mwaka 1875 mataifa 17 yalipatana mjini Paris juu ya vipimo hivyo, na mwaka 1889 jiwe moja la mizani, la madini ya platini na iridi, lilithibitishwa kuwa ndilo kilo yenyewe. Hata jiwe hilo halikuwa imara kabisa: baada ya miaka mia hivi, nakala zake zilionekana zimeachana nalo kidogo sana. Kwa hiyo mita tangu mwaka 1983 hupimwa kwa mwendo wa nuru, na kilo tangu mwaka 2019 kwa kanuni ya maumbile, mambo yasiyoshikwa na mkono wa mtu.

Lugha yetu imeihifadhi habari hii. Neno cheo, ambalo sasa ni daraja ya mtu, zamani lilikuwa pia kipimo cha kitu; na kiasi, neno la kupimia lililotoka katika Kiarabu, limekuwa jina la tabia ya mtu ajizuiaye. Basi mwalimu afundishaye hesabu asikomee katika idadi. Kabla ya kujumlisha, na awaulize wanafunzi: kibaba hiki ni cha tele au cha mfuto, na ni nani aliyekifuta?