Hesabu ya Watoto wa Musoma

Nyumbani kwetu Kasulu kuna mtoto ambaye hatumtaji sana. Alizaliwa kabla yangu, akaishi miaka mitatu na miezi kadhaa. Mama anakumbuka vidole vyake vilivyokuwa vikivimba, macho yaliyokuwa yakigeuka manjano, na vilio vya usiku ambavyo havikutulia hata akibebwa mgongoni. Kila alipopelekwa zahanati aliandikiwa dawa ya malaria. Mara nyingine kweli alikuwa na malaria. Alipofariki, ndiyo iliyolaumiwa, na mimi sikuwa na sababu ya kubisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta vimelea vya malaria katika damu ya takriban asilimia 24 ya watoto wadogo waliopimwa mkoani Kigoma, wakati kwa nchi nzima ilikuwa kama asilimia 7. Milima ya Buha inatulazimisha kuvaa sweta asubuhi, lakini haikufikia kimo cha kumshinda mbu.

Mwaka jana nilipima damu, nikaambiwa nina vinasaba vya AS. Maana yake siumwi selimundu, ila nimebeba nusu yake: kinasaba kimoja cha kawaida na kimoja cha selimundu. Kwa kuwa nasomea historia, nilikwenda kusoma habari zake kwa kurudi nyuma.

Kwanza nilihitaji kuelewa kinachotokea ndani ya mwili. Kimelea kinachoua watu wengi zaidi kwetu, Plasmodium falciparum, hukulia ndani ya chembe nyekundu ya damu. Huingia, hula himoglobini, hujigawa, na baada ya takriban saa 48 chembe hupasuka na vimelea vipya hutoka kutafuta chembe nyingine. Wakati kinakua, hutengeneza protini na kuzipeleka hadi kwenye ganda la nje la chembe, zikasimama kama ndoano. Kwa ndoano hizo chembe hujishikiza kwenye kuta za mishipa midogo, isipite kwenye bandama ambako chembe mbovu huchujwa. Chembe hizo zikijazana katika mishipa ya ubongo, mtoto hushikwa na degedege, kisha hupoteza fahamu.

Katika damu ya mtu wa AS mambo hayaendi hivyo. Mahali penye oksijeni kidogo, himoglobini ya selimundu hushikana, na kimelea hukua kwa shida. Ndoano hazijipangi sawasawa. Chembe nyingi zilizoingiliwa hunaswa na bandama mapema. Mtu wa AS bado anaweza kuambukizwa na kuugua homa, ila ni mara chache afike kwenye malaria kali. Utafiti uliofanywa Kilifi, pwani ya Kenya, ukachapishwa mwaka 2005, ulionyesha kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria hiyo kali.

Aliyelisimamisha jambo hili mbele ya wanasayansi ni Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alishiriki msafara wa chuo hicho uliokuja Mlima Kenya, akakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona kwamba wenye kinasaba cha selimundu walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache katika nyanda za juu. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Alirudi Afrika Mashariki mwaka 1953, na mwaka uliofuata akachapisha matokeo.

Sehemu moja ya matokeo hayo nimeisoma mara nyingi. Huko Nairobi, Allison aliwachukua wanaume 30 wa Kijaluo waliokuwa wameishi mbali na kwao kwa muda mrefu, 15 wenye kinasaba cha selimundu na 15 wasio nacho. Wote waliambukizwa malaria kwa makusudi. Kati ya wale wasio na kinasaba, 14 walionekana na vimelea katika damu. Kati ya wenye nacho, ni wawili tu. Waliitwa watu wa kujitolea, na baadaye walitibiwa. Lakini ilikuwa Kenya ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, na mwenye sindano alikuwa Mzungu. Neno "kujitolea" mwanahistoria hulisoma polepole. Jina la Allison limo katika vitabu vya jenetiki. Wale 30 hutajwa kwa kabila na idadi.

Hata hivyo, kilichonirudisha nyumbani ni hesabu nyingine aliyoichapisha mwaka 1956, ya watu wa Musoma, Tanganyika. Kati ya watoto wachanga 287, waliokuwa na AS walikuwa 89 na wenye SS, yaani wagonjwa wa selimundu, walikuwa 9. Kati ya watu wazima 654, wenye AS walikuwa 249, na wenye SS watano tu. Piga asilimia. AS imepanda kutoka 31 hadi 38. SS imeshuka kutoka zaidi ya 3 hadi chini ya 1.

Ukilisoma jedwali hilo haraka, unaona ushindi wa watu wa AS dhidi ya malaria. Mimi niliona shimo. Watoto wa SS hawafiki kwenye safu ya watu wazima, na malaria inayowakwepa ndugu zao ni miongoni mwa vinavyowamaliza, kwa sababu inawapunguzia damu ambayo tayari ni haba. Ninaamini kaka yangu yumo katika shimo hilo, ingawa yeye hakupimwa na yeyote.

Nilipomweleza mama, alikuwa akichambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mwanangu alipata kwangu?"

"Kwako na kwa baba. Kila mmoja alimpa nusu. Na mimi mmoja wenu alinipa nusu, mama. Huenda ndiyo iliyonivusha utotoni."

Akaendelea kuchambua. Baada ya muda akasema, "Yule alikuwa anauma kidole chake akiumwa." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia habari hiyo.

Ninayetaka kumwoa anatoka Kibondo. Bibi yake alizaliwa Burundi, upande wa pili wa mpaka uliochorwa na wakoloni. Kinasaba hiki kina umri wa maelfu ya miaka, hakikusubiri mpaka wala kitambulisho. Ikiwa naye ni AS, kila mtoto wetu atakuwa na uwezekano wa mmoja kati ya wanne kuwa na SS. Siku hizi zipo dawa kama hidroksiurea, na mtoto akigunduliwa mapema anaweza kulindwa dhidi ya malaria na maambukizi mengine. Kaka yangu hakuwa na lolote kati ya hayo.

Nilimwambia mwenzangu haya yote kwa simu, nikamalizia na namba za Musoma. Alinyamaza kwanza, kisha akauliza kama kupima damu kunahitaji mtu asile asubuhi. Nikamjibu hapana. Tumekubaliana Jumatatu.