Bolo Yeung: adui aliyempa stelingi hadhi

Waliokulia Mwanjelwa na Soweto jijini Mbeya, au Kihesa na Mlandege mjini Iringa, na kuingia vibanda vya video miaka ya 1980 na 1990, wanamjua hata kama jina limewatoka: Mchina mwenye kifua kama mlango wa ghala, mchache wa maneno, anayetabasamu mpinzani anapoanguka. Huyo ni Bolo Yeung. Alipata riziki yake kwa kupigwa na wengine mbele ya kamera, na kazi hiyo aliifanya kwa ustadi wa hali ya juu.

Alizaliwa Guangzhou, China, kwa jina la Yang Sze. Alipohamia Hong Kong alivuma kwanza kwa kutunisha misuli, na mwaka 1970 akatwaa taji la Mr. Hong Kong. Mwaka 1973 akapewa nafasi ya mlinzi wa mhalifu Han katika Enter the Dragon ya Bruce Lee. Mhusika huyo aliitwa Bolo, na jina likamganda hadi leo.

Bruce Lee alifariki Julai 1973, kabla filamu hiyo haijaanza kuonyeshwa. Watayarishaji wa Hong Kong wakakimbilia kutengeneza filamu za bei nafuu kwa kutumia vijana waliofanana naye. Stelingi wa bandia walipatikana kwa urahisi, lakini adui wa kuogofya hakuwa na mbadala. Ndiyo maana Bolo aliitwa tena na tena, ikiwemo katika The Clones of Bruce Lee. Mwaka 1988 alicheza kama Chong Li katika Bloodsport, filamu ya bajeti ndogo iliyompandisha chati Jean-Claude Van Damme. Mwaka 1991 wawili hao wakakutana tena katika Double Impact.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa vijana wengi wa Nyanda za Juu Kusini, sinema ilikuwa deki, kanda ya VHS na benchi la mbao. Lugha ya filamu ilikuwa kikwazo, mpaka wafasiri kama Lufufu wa Dar es Salaam walipoanza kuzisimulia kwa Kiswahili. Bolo hakumhitaji mfasiri. Macho, shingo na ngumi zake vilieleza kila kitu, na kadiri alivyotisha ndivyo ushindi wa stelingi ulivyokuwa mtamu. Mashabiki walijua kwamba stelingi hafi. Kazi ya Bolo ilikuwa kuwatia shaka kwa saa nzima, na hiyo ni sanaa.

Filamu za nyumbani nazo zilihitaji watu wa namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwongozaji Mussa Banzi alitoa Nsyuka, filamu ya kutisha ambayo jina lake limetoka kwa Wanyakyusa wa Mbeya, na hofu iliyojulikana huko ikafika sebuleni kwa Watanzania wote. Mohamed Fungafunga, maarufu Mzee Jengua, aliyeanza kung'ara katika michezo ya kikundi cha Kaole iliyorushwa na kituo cha televisheni cha ITV, aliibeba nafasi ya baba mkali na tajiri asiyeshaurika mpaka alipofariki Desemba 2020. Hakuhitaji misuli. Akikunja uso tu, mtazamaji alikwishamhurumia binti aliyesimama mbele yake.

Bolo alipata bahati ambayo waigizaji wengi wa aina yake huikosa: katika Shootfighter ya mwaka 1993 alikuwa mwalimu mwema, na akathibitisha kwamba ukatili wote ule ulikuwa uigizaji. Hapa kwetu makava ya filamu yamejaa sura za stelingi, na tuzo huwafuata haohao. Anayeandika historia ya filamu za Kitanzania na amwandike pia adui, kwa jina lake kamili na orodha ya kazi zake, kwa sababu bila yeye stelingi hana wa kumshinda.