Ugumu wa choo: istilahi ya maabara

Mtaalamu wa maabara anapofungua kikopo, kabla hajagusa hadubini, hutazama choo chenyewe: kigumu, laini au cha majimaji? Sifa hiyo inahitaji jina moja la Kiswahili. Uthabiti haufai, kwani ni sifa ya msimamo wa mtu. Hali ya choo ni pana mno, ndani yake mna rangi, damu na kamasi. Uzito ungefaa, maana tunasema uji mzito, lakini maabara hupima uzito kwa miligramu na maana mbili zingegongana kwenye fomu moja. Nashika ugumu wa choo. Mwaka 1997 Lewis na Heaton wa Bristol, Uingereza, waliupanga katika ngazi 7, kuanzia vidonge vikavu kama vya mbuzi hadi maji matupu.

Ugumu huamua kitakachoonekana. Amiba hai, yule anayetembea, hupatikana zaidi katika choo cha majimaji, naye hufa upesi: choo hicho kichunguzwe ndani ya nusu saa baada ya kutoka. Choo kigumu kwa kawaida huwa na amiba aliyejifunga kwenye ganda, anayestahimili kungoja. Kwa hiyo jibu la "hakuna amiba" kutoka kwa choo cha maji kilichokaa kikoponi asubuhi nzima halimwambii daktari kitu. Mkojo ukiingia humo, nao huua amiba.

Kwenye kuhesabu mayai ya minyoo mambo huwa mazito zaidi. Njia ya Kato-Katz, itumikayo sana katika kupima kichocho cha tumbo kandokando ya Ziwa Victoria, huchuja choo, hukijaza kwenye tundu la kibao linalobeba miligramu 41.7, kisha mayai yaliyohesabiwa huzidishwa kwa 24 ili kupata idadi kwa gramu. Tuseme mayai 5 yameonekana: hiyo ni 120, maambukizi ya wastani, kwani Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wake kwenye 100. Mgonjwa huyohuyo akiwa na choo laini chenye maji mengi, mayai yaleyale yametawanyika, na tundu lilelile huenda likabeba 3 tu. Jibu sasa ni 72, maambukizi mepesi. Minyoo haijapungua hata mmoja. Kilichoongezeka ni maji. Choo cha kuhara ndicho hakifai kabisa kwa njia hii, hutiririka tunduni, nacho hupelekwa kwenye njia ya kukusanya mayai kwa formalini na etha.

Maandalizi ya slaidi ya Kato-Katz nayo yana saa yake. Gliserini iliyomo kwenye karatasi ya selofani hufanya choo kipitishe mwanga, lakini huyayeyusha machoni pa mtazamaji mayai ya safura: yasomwe ndani ya dakika 30 hadi 60. Mayai ya kichocho hungoja, hata hadi kesho yake. Slaidi moja, saa mbili tofauti, majibu mawili. Ndiyo maana nataka kila fomu iandike ugumu wa choo, saa kilipotoka na saa slaidi iliposomwa, kando ya namba ya mayai, na mgonjwa anayepewa kikopo aambiwe kwa maneno wazi: usichanganye na mkojo, ulete mara utokapo msalani.