Mtoto wa darasa la tatu hajui kusoma: si kila tuisheni itamsaidia

Mzazi wa Terrat akiona mtoto yuko darasa la tatu na bado anahangaika na silabi, jibu la haraka huwa tuisheni. Mtoto anatoka shule anaingia tuisheni, Jumamosi nayo inaliwa, na ukurasa mmoja bado unamchukua nusu saa. Huenda ana disleksia. Kama ndivyo, kuongezewa saa za kufundishwa vilevile hakumsogezi.

Disleksia ni ugumu wa ubongo kuunganisha herufi na sauti zake. Si uvivu, wala si "kichwa kigumu". Mara nyingi hurithiwa, kwa hiyo si ajabu baba au shangazi naye alisumbuka na kusoma. Mtoto huyo anaweza kusimulia mechi nzima ya jana, lakini neno "mbwa" likamshinda.

Kiswahili kina unafuu: kinasomwa karibu kama kilivyoandikwa. Unafuu huo huo huficha tatizo. Mtoto hatimaye hushika ba, be, bi, ila anasoma polepole mno, anakwama kwenye mb, ng', nd na shw, na neno refu kama "hawakumsindikiza" linamchosha kabla halijaisha. Wengine hukariri. Kitabu walichozoea wanakisoma kama maji. Waandikie sentensi mpya kwenye karatasi, ukweli utaonekana.

Terrat kuna jambo la ziada. Nyumba nyingi zinaongea Kimaasai, na Kiswahili mtoto anakikuta shuleni. Kimaasai hakina sauti ya z, kwa hiyo anayeandika "sawadi" badala ya "zawadi" anaandika anavyosikia. Hiyo ni lugha, si disleksia. Anayesoma maneno vizuri bila kuelewa maana naye anahitaji Kiswahili zaidi. Wa kumfuatilia ni yule anayeongea vizuri, halafu herufi hazikai kichwani, na hata neno la nyumbani kama enkiteng, yaani ng'ombe, hawezi kulitenganisha sauti zake.

Kabla ya kulipa tuisheni, mtoto apimwe macho na masikio hospitalini. Miwani itamsaidia mwenye shida ya macho, lakini haitibu disleksia. Dawa ya kuitibu haipo, na anayeuza moja anauza maneno.

Kisha muulize mwalimu wa tuisheni anafundishaje. Mwenye kujua kazi ataanza na sauti moja moja, kwa mpangilio, kutoka rahisi kwenda ngumu, wala haendi mbele kabla ya iliyotangulia kukaa. Mtoto atasema sauti, ataiandika kwenye mchanga au daftari, ataisoma ndani ya neno, na ya jana itarudiwa leo. Mbinu hii si ngeni. Samuel Orton na Anna Gillingham waliijenga Marekani tangu miaka ya 1930. Dakika 30 mara nne kwa wiki, mtoto mmoja au watatu, ni bora kuliko saa tatu kwenye chumba cha watoto 40 wanaonakili mitihani ya zamani ubaoni. Akijibu kwamba mtoto "asome sana tu", tafuta mwingine.

Pa kuanzia ni kwa mwalimu wa darasa, kisha ofisi ya elimu ya Jiji la Arusha, kumuulizia afisa wa elimu maalumu. Upande wa Tengeru, barabara ya Moshi, kuna Chuo cha Ualimu Patandi kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Ni safari kutoka Terrat, lakini kuulizia huko mwalimu aliyesomea fani hiyo kuna maana kuliko kuokota yeyote mtaani.

Maendeleo yapimwe kwa saa ya simu. Kila Ijumaa mtoto asome maneno mapya kwa dakika moja, mzazi ahesabu aliyopatia na kuandika. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kumpa kazi hiyo kaka au dada mkubwa. Miezi mitatu ikipita namba haijapanda, njia ya kufundisha ibadilishwe.

Kiingereza, ambacho tahajia yake haitabiriki, kitamsumbua zaidi. Asikimbizwe huko kabla Kiswahili hakijashika. Darasani mwalimu aombwe asimsimamishe kusoma mbele ya wenzake, na baadhi ya majibu ayapokee kwa mdomo.